Mapaa ya Oberkienau

Korbinian Aschauer alikuwa akipangusa mtutu wa mzinga mdogo wa kutungulia ndege, huku nyumbu wa mizigo akimtafuna ukosi wa koti, ndege ya Warusi ilipochomoza juu ya kilele. Akafyatua. Akakosa. Mzinga huo ulipandishwa milima ya Kaukasi vipande vipande migongoni mwa nyumbu, na tangu ufike haukuwa umeangusha hata kunguru.

"Ulikuwa unalenga nini?" akauliza Xaver, mpakia risasi wake.

"Mbingu."

"Basi hongera, hujaikosa."

Kikosi kikacheka, na Korbinian akacheka kuliko wote. Kwao Bavaria, kusini mwa Ujerumani, alikuwa mchunga ng'ombe, na kila alipomrushia ndama jiwe, aliyelia alikuwa padri.

Alipopata likizo akarudi kijijini Oberkienau. Alimkuta mama yake, Walburga, ametega ndoo jikoni na nyingine juu ya kitanda. Paa lilikuwa limetoboka kama chujio.

"Risasi zako hizo zinazokosa," mama akasema, akimpakulia kabichi. "Zinafika asubuhi, baridi kama barafu. Kulipuka hazilipuki, ila moja imenivunjia birika."

Nyingine ilikuwa juu ya pipa, imekandamiza kabichi zilizowekwa kuchachuka. Korbinian akaigusa. Ilikuwa bado na grisi yake.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Zikianguka najua u hai. Sogeza sahani, hapo ndipo zinapopenda."

Kesho yake alizunguka kijijini. Kila nyumba yenye kijana kwenye mizinga ya kutungulia ndege ilikuwa na matundu. Mwenyekiti wa chama tawala pale kijijini, Bwana Öttl, alikuwa ametangaza kwamba risasi za Wajerumani haziwezi kuanguka Ujerumani, kwa hiyo ile ni mvua ya mawe iliyotumwa na Waingereza. Watu waliitikia kwamba ni mvua ya mawe, kisha wakaenda kuziba mapaa yao.

Kreszenz, jirani yao, alikuwa ameketi kizingitini akitazama juu. Mwanawe Vitus alikuwa mpiga mzinga pia, kikosi kingine, upande wa kaskazini.

"Korbi, paa langu ni zima tangu Agosti."

"Labda ameanza kulenga vizuri, Mama Vitus."

"Vitus? Vitus alikuwa anakosa kuliko wewe."

Korbinian, aliyejua kwamba hakuna binadamu anayekosa kuliko yeye, safari hii hakubisha.

"Nirushie moja," Kreszenz akasema. "Moja tu, mwanangu. Nilisikie paa likilia."

Akaahidi.

Siku chache baada ya kurudi mlimani, ndege ikaja. Korbinian akakumbuka nyumba ya Kreszenz iko kushoto kwa yao, akausogeza mtutu kushoto kidogo.

"Aschauer!" akafoka luteni. "Ndege iko kule!"

"Naiona, Bwana Luteni."

Akalenga kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia maishani, akafyatua. Na kwa kuwa hakuwahi kupiga alichokikusudia, akaipiga ndege. Ikazunguka, ikashuka bondeni ikitoa moshi. Hakuna aliyetoka. Xaver alimkumbatia, luteni akamwahidi nishani, na Korbinian akaenda kusimama nyuma ya nyumbu, akiutazama ule moshi bondeni.

Asubuhi iliyofuata Oberkienau hakikuanguka kitu. Kreszenz alingoja mlangoni mpaka giza likaingia. Walburga alikaa jikoni na ndoo magotini, asipike.

Wiki iliyofuata Korbinian alikosa kama kawaida yake. Sufuria ya Walburga ikatoboka, naye akavaa kitambaa chake kizuri, akaenda kanisani kushukuru.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Theluji ilipoyeyuka, Bwana Öttl alipita kijijini akikagua nyumba, na jioni aliwakusanya watu uwanjani. Aliwapongeza kwa moyo mkunjufu. Alisema miaka yote ya uongozi wake hajapata kuona Oberkienau ikiwa na mapaa mengi mazima namna ile.