Uzito wa Bahari

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kwa kipimo hicho Beldina hakuwa mjinga hata chembe. Mwaka uliofuata Uhuru, mumewe Cleophas alirudi kijijini kwao Iguhu likizo kutoka bandarini Mombasa, na neno lake lilikuwa moja tu: shamba liuzwe, wanunue kiwanja ufukweni, wahamie huko. Shamba lenyewe ndilo hilo hilo, hawakuwa na lingine. Mnunuzi angefika jioni, na Cleophas alitaka mkewe akubali mbele ya wazee.

Beldina alikuwa akisiriba sakafu kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Aliogopa kumpinga mumewe, tena sana, lakini swali lilimwasha kuliko hofu. Mvua zile kubwa za miaka michache iliyopita zilipojaza ziwa, shemeji zake waishio ufukweni mwake huko Bunyala walifukuzwa na maji wakaja kulala kwake. Akamuuliza mumewe: je, bahari nayo haipandi? Na ikipanda, uzito wote ule unabebwa na nani?

Cleophas alicheka. Akamweleza kwamba bahari nayo ina sakafu yake. Maji yakizidi, sakafu inadidimia, nafasi inapatikana, nchi kavu inabaki salama. Akajiona kamaliza kazi.

"Basi tuijaze tuone," Beldina akasema.

Akabonyeza shimo katika rundo la udongo mbichi uliobaki, akakanda kingo zake, kisha akamwomba mumewe aoneshe kiwanja chao kiko wapi. Cleophas, huku akitabasamu, akaweka punje ya mahindi pembeni kabisa mwa shimo, akisema hapo ndipo penye upepo mtamu. Beldina akamimina maji polepole kwa kata. Wote wawili wakainama kutazama, chai yao ya asubuhi ikapoa kando.

Kweli, chini kulididimia. Cleophas akapiga makofi. Lakini maji yalizidi kujipenyeza kando, ukingo ukalainika, ukalegea, ukainamia shimoni. Jamani, hata Beldina mwenyewe hakutarajia hivyo! Punje ikateleza, ikazama.

Cleophas aliitafuta punje topeni kwa kidole. Kisha akalalamika kwamba punje iliwekwa karibu mno na maji.

"Niliiweka mimi, Baba Khalayi?" Beldina akamuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Cleophas aliinuka. Alinawa mikono, akavaa koti lake, akatoka kwenda kumwambia mnunuzi asijisumbue kuja.