Vidole Nyuma ya Gauni

"Vuta pumzi. Haya, jitazame," fundi alimwambia mteja. Mteja akajitazama kwenye kioo, akajipenda mpaka akacheka peke yake. Hakujua kwamba mgongoni, asipopaona, vidole viwili vya fundi vilikuwa vimebana kitambaa kilichozidi. Gauni lenyewe lilikuwa pana kama pazia. Aliondoka nalo akishukuru, na fundi, kama kawaida yake, akajiona bingwa.

Ikawa zamu ya binti yake. Kesho asubuhi binti angepanda basi kwenda mji mwingine kuanza kazi ya uuguzi, na gauni hili la bluu ndilo angesafiri nalo. Fundi akalibana mgongoni kwa vidole vilevile.

"Umependeza," alisema, kisha akashusha pumzi, ile ya kusikika hadi jikoni. "Nenda tu, mwanangu. Usinifikirie mimi. Nikianguka humu ndani, majirani wataniokota."

Kwenye kioo, mabega ya binti yakalegea. "Basi, mama. Nitawapigia niwaambie siendi tena."

Fundi akasikia utamu kifuani. Aliujua utamu huo. Alikuwa ametoka kuuonja sasa hivi, mteja alipocheka.

Hapo bibi, mama yake fundi, akakohoa chumbani. "Nendeni tu wote," alisema kwa sauti ya mtu anayekata roho. "Mimi nimeshazoea kuachwa."

Maneno yaleyale! Kwa maneno hayo fundi, enzi za usichana wake, aliwahi kufungua sanduku la safari lililokwisha fungwa na kurudisha nguo kabatini. Mama yake, aliyejidai mgonjwa, akapona jioni ileile, akala akaongeza. Miaka yote fundi alimlaumu kimoyomoyo, kumbe naye amerithi kila kitu, hadi ile pumzi.

Alipigwa na butwaa. Akautazama mkono wake mgongoni mwa mwanawe kana kwamba ni wa mtu mwingine: mkono mkavu, wenye alama za sindano, na bado una nguvu ya kumzuia mtu mzima asiende popote. Aliogopa, na papo hapo akastaajabu kwamba kitu kikubwa namna hiyo kilikaa ndani yake asikione.

Akaachia.

"Mama, mbona kubwa hivi?"

"Ni kubwa tangu mwanzo. Nilikuwa nimelishika kwa nyuma." Akavuta kiti cha cherehani. "Na habari za kuanguka, sina ugonjwa wowote mimi. Vua nilipunguze. Basi lako halitakusubiri."

Binti akavua, fundi akaanza kushona. Chumbani bibi akakohoa tena, safari hii kwa bidii.

"Mama, maji yapo hapo mezani," fundi aliita, mguu haujatoka kwenye cherehani.

Alipomaliza, binti alilivaa, akasimama mbele ya kioo, akainua mikono, akageuka huku na huku. Nyuma yake alisimama fundi, hajui mikono yake aiweke wapi.