Vidonge Kumi na Viwili Chini ya Waipa

Nilisikia kwa mwenye mashine ya kusaga, nikisubiri unga wangu: eti panya wa siku hizi hawazalii darini, wanazalia kwenye njia ya hewa ya gari, na kuna mtoto alivuta hewa hiyo akafia kiti cha nyuma, mkanda ukiwa umefungwa. Mtoto wa nani, hakuna aliyejua. Gari la nani, hakuna. Lakini neno likishamwingia mama sikioni, halitoki kwa kijiti. Nilirudi nyumbani na unga kichwani na panya ndani ya kichwa.

Binti yangu ni fundi mapazia. Ana kigari alichokinunua kwa mtu, anabebea vitambaa na ngazi, na asubuhi anampeleka mwanawe shule. Mjukuu wangu huyo ana miaka sita, tunamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Tatizo ni kifua. Tangu akiwa wa kubebwa, vumbi kidogo tu anabanwa.

Basi Jumatatu, mama yake akiwa anaoga, nilichukua nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini nondo wasile nguo, nikatumbukiza vinne kwenye vitundu vilivyo chini ya waipa za kioo cha mbele, hewa inapoingilia. Panya hapendi harufu ile. Jumatano Chiriku alirudi anakohoa. Nikasema, ehee, panya wapo kweli, nikaongeza vinne. Binti yangu alilalamika gari linanuka kama sanduku la bibi, akadhani ni mapazia ya mteja. Nikamwacha adhani hivyo.

Ijumaa Chiriku alishuka garini hasemi. Mabega yanapanda na kushuka, anaonyesha kifua kwa kidole. Zahanati walimpa dawa ya kuvuta, daktari akauliza kama mtoto anakaa karibu na moshi au harufu kali. Binti yangu akasema hapana. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, lakini kwangu ile haikuwa harufu, ilikuwa ulinzi. Jioni hiyo nikaongeza vinne vingine.

Jumamosi binti yangu alimpigia fundi wa gari, akamweleza harufu ile na kifua cha mtoto. Akaambiwa alete gari wiki ijayo, labda dashibodi yote ishushwe. Akamjibu kwamba Jumatatu asubuhi mtoto anapanda gari hilo hilo, akakata simu. Akaenda duka la vipuri, akarudi na filta, chujio la hewa inayoingia ndani ya gari, kitu chembamba chenye mikunjo kama sketi ya shule.

Binti yangu ana mikono ya kazi, jamani. Alizima gari, akaweka ufunguo mfukoni. Akatoa vyote vilivyokuwa kwenye kidroo cha mbele ya abiria, akakibana ubavu huku na huku mpaka kikashuka chenyewe, akachomoa kile kimkono kinachokishikilia. Kila alichotoa alikipanga juu ya kipande cha pazia kwa mfuatano, kama anavyopanga ndoano zake. Hakulazimisha kitu hata kimoja. Penye ugumu alisimama, akapapasa kwa kidole, akajua pa kubonyeza. Nyuma ya kidroo kulikuwa na kifuniko chembamba. Nilipokiona ndipo nilipoelewa vidonge vyangu vilikoangukia.

Filta ya zamani ilitoka nyeusi, imejaa nyuzi za vitambaa na majani makavu. Panya hakuna hata mmoja. Katikati ya mikunjo, vidonge vyeupe.

"Mama, hivi ni nini?"

Nikamweleza yote, tangu mashine ya kusaga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ulitaka kumlinda mtoto, mama, au kumhifadhi kabatini?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alihesabu, vikawa saba, akachukua filta mpya.

"Ndiyo vyote?"

Ningeitikia tu, yangekwisha pale, na aibu yangu ingebaki ndogo. Nikatazama kile kitundu cheusi, nikamkumbuka Chiriku akionyesha kifua.

"Kumi na viwili," nikasema. "Nilitia vinne, mara tatu."

Akairudisha filta mpya kwenye boksi lake.

"Umefanya vizuri kusema. Nishikie tochi."

Akafungua waipa, akainua plastiki iliyo chini yake, akalala juu ya boneti kama mtu anayechungulia kisima. Vitatu alivitoa kwenye majani, cha nne kwenye kona. Cha mwisho kilikuwa kimeliwa na hewa, kimebaki kama punje ya mahindi, kimenasa kwenye tundu la kutolea maji. Alikihangaikia karibu saa nzima, kwa waya aliokunja mwenyewe. Mimi ningekiacha. Yeye hakukiacha.

Kisha akafuta kote kwa kitambaa chenye unyevu, akaingiza filta mpya akifuata mshale uliochorwa ubavuni, akawasha feni mpaka mwisho, milango wazi, siku ile na kesho yake yote.

Jumatatu nilipanda nao, nimekaa nyuma, dawa ya kuvuta mkononi. Chiriku aliongea kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye geti la shule. Dawa sikuifungua.

Wewe mwenye gari na mtoto, epuka haya:

Usitie nafthalini, marashi wala dawa ya wadudu kwenye njia ya hewa.

Usiguse filta gari likiwa linawaka.

Usivute kidroo kwa nguvu. Vishikizo vyake ni plastiki, vinavunjika.

Usioshe filta ya karatasi ukairudisha.

Usiiweke kinyume na mshale.

Usimfiche daktari harufu yoyote iliyo karibu na mtoto.

Ukiulizwa umetia vingapi, usipunguze hesabu.