Jikke Anajisahau

Mwalimu Wiepkje alikuwa amewafundisha watoto kuhesabu miaka nenda miaka rudi katika kijiji kile cha Friesland, kule Uholanzi, wala hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila asubuhi watoto waliketi duara, mmoja akazunguka akiwagusa wenzake vichwani na kuhesabu. Jibu lilikuwa ishirini na moja. Jikke peke yake, kila zamu yake ilipofika, aliishia ishirini.

"Umemsahau nani?" mwalimu alimuuliza.

"Hakuna. Nimewagusa wote."

"Umejisahau mwenyewe, kichwa maji!" Hidde alidakia, na darasa likaangua kicheko.

Baada ya likizo ya kiangazi, waliotimiza miaka sita wangepanda chumba cha juu kuanza kusoma. Wiepkje alikuwa karibu kuamua Jikke abaki chini mwaka mwingine. Tjitske, mama wa mtoto, alipoambiwa langoni, uso ulimshuka.

"Jamani mwalimu! Mwaka mzima kwa kosa moja?"

"Wiki ijayo ni siku yake ya kuzaliwa," Wiepkje alisema. "Ataleta vitafunio vya darasa, kama kawaida. Avihesabu mwenyewe, na wewe usitie mkono. Akileta sawasawa, atapanda."

Siku ikafika. Jikke aliingia na taji la karatasi kichwani na sinia mikononi: vijiti vilivyochomekwa jibini na zabibu, kila kimoja na kibendera chake. Akaimbiwa, akaanza kugawa. Wiepkje alitulia kitini mwake, lakini macho hayakubanduka kwenye sinia. Moyoni alimwombea mtoto, jambo ambalo asingelikiri hata kwa viboko.

Hidde akapata chake. Kila mtoto akapata chake. Kwenye sinia kikabaki kijiti kimoja.

Lo! Wiepkje alifurahi hata akasimama. "Hongera, Jikke! Leo umejihesabu. Haya, kula chako."

Jikke akamtazama kwa mshangao. "Si changu. Hiki ni chako, mwalimu."

"Changu?"

"Na wewe si unakaa kwenye duara?"

"Na chako kiko wapi?"

Jikke akaangalia sinia, akaangalia wenzake wanaotafuna, na mdomo ukaanza kumtetemeka. Hakuna aliyecheka, hata Hidde. Wiepkje aliona aibu. Mtihani huo aliutunga yeye, na akaupangia siku ya mtoto kuvaa taji.

Akachomoa zabibu akaitia kinywani, jibini akampa Jikke. "Futa machozi. Hebu tuhesabu tena, tuko wangapi?"

Jikke akazunguka taratibu, akigusa vichwa kwa mkono wenye harufu ya jibini. "Ishirini." Akajigusa kifua. "Ishirini na moja." Kisha akaja akamgusa mwalimu goti. "Ishirini na mbili."

"Aa, wapi!" Hidde alifoka. "Mwalimu hahesabiwi!"

"Nani kasema?" aliuliza Wiepkje.

"Wewe! Kila siku!"



Jioni Tjitske alikuwa langoni na baiskeli yake, hana hata salamu. "Niambie upesi."

"Atapanda."

"Kumbe alihesabu sawasawa!"

"Hapana," alisema Wiepkje. "Alikosea mmoja. Na mimi nimekuwa nikikosea mmoja tangu nianze kazi hii."