Barua za Mama Mzazi Kabisa

Doña Eduvigis Peguero alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo thelathini na mmoja aliimaliza akiwakimbiza watoto wa shule ya msingi pale Ocoa, mji wa milimani, filimbi shingoni. Ndipo ikaja barua kutoka wilayani kumwambia kwamba hajui kazi. Haikuandikwa hivyo hasa. Ilisema kwamba kuanzia mwaka ule kila mwalimu wa michezo awe na shahada ya elimu ya viungo, au awe ameanza kuisomea, na asiyetaka atahamishiwa stoo ya vitabu. Lakini Eduvigis ndivyo alivyoisoma, na alipoirudia mara ya pili aliona tusi limezidi.

"Stoo ile ina panya," alimwambia mama yake jioni.

"Basi kasome," akajibu Doña Tatica, ajuza wa miaka themanini na minane asiyependa mazungumzo marefu. "Na ukifeli usije kulia hapa. Mimi nina kizunguzungu changu."

Jumamosi ya kwanza alikwenda kwenye tawi la chuo, nyuma ya uwanja wa besiboli. Somo liliitwa Mazoezi ya Viungo na Afya ya Jamii. Wanafunzi walikuwa ishirini na sita. Wengine walitaka kuwa walimu wa michezo, wengine walitaka kazi za zahanati au za kuwahudumia wazee, na karibu wote umri wao ulikuwa wa kuitwa wajukuu. Aliketi karibu na binti mmoja wa miaka ishirini, Yokasta, mwenye kucha ndefu za rangi ya machungwa.

"Mama, umemsindikiza nani?" Yokasta aliuliza kwa upole.

"Nimejisindikiza mwenyewe."

Kisha mhadhiri akaingia. Shati limefungwa vifungo hadi kooni, faili kwapani, viatu vinang'aa. Eduvigis alimjua kwa masikio. Mtu hunenepa, huota upara, hubadilisha hata sauti, lakini masikio hubaki kama yalivyoumbwa, na yale yalikuwa masikio ya Wascar Liriano, aliyekuwa mwanafunzi wake tangu darasa la kwanza hadi la sita. Katika miaka hiyo sita, kwa kumbukumbu zake, Wascar alikimbia mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa akimkimbia nyuki.

Naye Wascar alimwona. Faili likamponyoka kidogo, akalidaka, akakohoa.

"Doña Eduvigis, karibu. Ila nasema mapema: humu hakuna cha huyu alinifundisha wala huyu ni mama yangu mdogo. Wote ni wanafunzi."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Eduvigis, sauti tamu kama maji ya muwa.

Angeishia hapo, mambo yangekwenda salama. Lakini Wascar alikuwa na darasa jipya mbele yake, na kifua kilikuwa kimemjaa. "Na jambo jingine," akaendelea. "Kuanzia Jumamosi ijayo tunapima mbio za dakika kumi na mbili. Visingizio sipokei. Visingizio ndivyo vilivyoua michezo katika nchi hii!"

Eduvigis aliinamisha kichwa juu ya daftari. Yokasta alidhani mama wa watu analia, akampa karatasi laini ya kufutia machozi.

Machozi yalikuwepo kweli, ila yalikuwa ya kicheko. Nyumbani, ndani ya kopo la biskuti, Eduvigis alikuwa na barua kumi na tisa za visingizio alizoletewa na Wascar, zote zimesainiwa na "mama" kwa penseli. Hakuwahi kumshitaki kwa yeyote. Alizitunza kwa sababu zilikuwa tamu, na siku ya mvua, watoto wakifungiwa darasani, alizisoma peke yake akacheka.

Lakini hakikuwa kicheko kitupu. Ukweli ambao hakumwambia mtu ni kwamba mbio zile zilimtia baridi. Kwa miaka kumi hakuwa amekimbia mbele za watu hata hatua ishirini. Mwalimu wa michezo hupuliza filimbi, wanaokimbia ni wengine. Alijiona anajikokota nyuma ya vijana ishirini na watano, goti la kulia likilia kama bawaba kavu, na Yokasta akirudi kumshika mkono. Hilo hapana. Usiku ule alifungua kopo, akachagua barua moja, akainakili neno kwa neno, kisha akampelekea mama yake aweke saini.

"Inasema nini?" Doña Tatica aliuliza. Macho yake hayakuona tena maandishi.

"Kwamba naumwa."

"Unaumwa?"

"Kidogo."

Ajuza akaweka saini yake ya herufi tatu, akasema ana usingizi.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, wote walikuwa uwanjani wakipasha misuli. Eduvigis alimkabidhi mhadhiri bahasha. Wascar aliifungua huku akitabasamu, akaona hapo pana mchezo wa kufurahisha darasa.

"Jamani, sogeeni! Mwenzenu ana barua ya mama. Nawasomeeni." Akasafisha koo. "'Mwalimu mpendwa. Mwanangu anaumwa na tumpo tangu jana alfajiri...'"

Vijana wakaangua kicheko. "Tumpo!"

Wascar hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshatangulia mistari miwili mbele, na masikio yake yakaanza kubadilika rangi kutoka juu kushuka chini.

"Endelea, mwalimu!" wakapiga kelele.

"'...na daktari amesema akikimbia litapasuka,'" akasoma kwa sauti iliyokuwa ikizama. "'Akae kivulini. Ikiwezekana apewe juisi. Ni mimi, mama yake mzazi kabisa.'"

"Mzazi kabisa!" Yokasta alijishika mbavu. "Doña, mama yako ni kiboko!"

Eduvigis alimtazama Wascar kwa macho ya ndama. "Anaandika kwa taabu, mwalimu. Umri."

"Kaa kivulini," akasema Wascar.

"Na juisi?"

Wascar alimgeuzia mgongo, akawapanga vijana mstarini. Lakini baada ya mbio kuanza, alitoka nje ya lango, akarudi na chupa ya juisi ya pasheni, akaiweka kwenye benchi bila kumtazama.

Jumamosi iliyofuata barua ilisema kwamba mbwa wa nyumbani amefariki na mtoto ana majonzi. Ya tatu, mbwa amefariki tena. Safari hii Wascar hakuthubutu kusoma mbele za watu. Alimsubiri hadi vijana walipotawanyika.

"Unazo zote?"

"Kumi na tisa. Mbwa wenu alikufa mara nne, maskini."

"Doña Eduvigis, unataka nini? Unataka alama?"

Hapo Eduvigis alisimama wima. "We Wascar! Miaka thelathini na mmoja sijamwibia mtoto nukta, leo nije kuiba za kwangu? Nataka kucheka. Alama zako nitazitafuta mwenyewe."

"Basi kimbia."

"Nina barua."

Wascar alirudi kwake amenuna, akalala na hasira, akaamka na akili. Mtaala wa somo ulikuwa na kipengele cha kuwatembelea wazee majumbani, kuwauliza wanavyokula, wanavyolala, wanaanguka mara ngapi. Jumatano, Eduvigis akiwa kazini, Wascar alibisha hodi kwake na fomu mkononi, akakaribishwa kahawa na mama mzazi kabisa.

Doña Tatica alijibu maswali yote. Anakula vizuri. Anaanguka anapotaka kuletewa kitu. Ndipo Wascar akauliza, kwa sauti ya daktari, "Na binti yako, tumbo lake linaendeleaje?"

"Tumbo gani?"

"Lile litakalopasuka akikimbia."

Ajuza aliweka kikombe chini. "Eduvigis? Juzi kamfukuza mbuzi wa jirani toka kwenye mbaazi zangu mpaka mtaroni, na mbuzi ndiye aliyechoka! Kwani nilisaini nini mimi?"

Wascar akamsomea. Alizisoma zote tatu, pamoja na msiba wa mbwa, na Doña Tatica, ambaye hakuwahi kufuga mbwa, alicheka hadi kahawa ikampalia. Kisha akakausha uso.

"Chukua kalamu. Andika ninavyokwambia."

Jumamosi ya nne, Wascar alisimama katikati ya uwanja akiwa na furaha ya mtu aliyepata bahati nasibu. "Leo tena kuna barua! 'Mimi Altagracia Peguero, niitwaye Tatica, mwenye akili timamu. Mwanangu hana ugonjwa wowote isipokuwa uongo. Akimbie. Na akimaliza azidishiwe mzunguko mmoja, kwa kunifanya nidanganye karibu na kaburi.'"

Kelele zilizopigwa pale zilifika sokoni. Eduvigis alifunika uso kwa mikono miwili, akacheka mpaka akachuchumaa. Ameshindwa, na ameshindwa na mama yake. Alipoinuka aliivua filimbi, akampa Yokasta aishike, akaenda kwenye mstari.

Vijana waliondoka kama njiwa. Yeye akaanza kwa mwendo wa kwenda dukani. Katika mzunguko wa pili goti lilianza maneno. Katika wa tatu alibaki peke yake upande wa mbali wa uwanja, na kile alichokiogopa kikawa kimefika: kila mtu alimwona. Wascar alikuwa amesimama pale na saa ya kupimia. Akaiangalia saa, akamwangalia mwalimu wake, akaanza kutembea sambamba naye.

"Hii ndiyo sababu?" akauliza taratibu. "Ya barua?"

"Ungekuwa wewe ungetaka waone?" Eduvigis alihema. "Na wewe yako ilikuwa nini? Miguu ilikuwa mizima. Nilikuwa nakuona unavyopanda miti."

Wascar aliitazama miguu yake mwenyewe. "Viatu. Vilikuwa vya kaka yangu, namba tatu zaidi. Nilijaza magazeti. Kutembea vilitembea, ila nikikimbia vinachomoka, na magazeti yanatoka. Ile siku ya nyuki kimoja kilibaki nyuma, wakacheka wiki nzima."

Eduvigis aliikumbuka siku ile. Aliwakumbuka waliocheka. Na alikumbuka, kwa uchungu wa ghafla, kwamba naye alicheka, filimbi mdomoni.

"Ungeniambia, mwanangu."

"Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa Doña Eduvigis!"

"Ningekuacha ukimbie pekupeku. Ningewavua viatu darasa zima."

"Najua," akasema Wascar. "Sasa hivi najua."

Walikwenda hivyo mpaka filimbi ilipolia. Yokasta ndiye aliyeipuliza kwa ishara ya Wascar, kwa nguvu za kupitiliza, kwa sababu alikuwa akiitamani tangu aliposhikishwa. Wakapima. Eduvigis alikuwa amepungukiwa mita arobaini kufikia kiwango cha wanawake wa umri wake.

"Arobaini si kitu," alinong'ona Wascar. "Kanda hii ya kupimia ni ya zamani, pengine imevutika..."

"Andika nilichokimbia."

"Doña..."

"Andika, Liriano!"

Akaandika. Kwa wiki tatu, kila alfajiri, Eduvigis alizunguka uwanja ule na goti lake. Kuanzia siku ya pili Yokasta alikuja pia, akidai daktari kamwambia apunguze uzito, ingawa alikuwa mwembamba kama ufito. Siku ya kurudia kipimo, Eduvigis alipita kwa mita kumi na tano, akaketi chini kwenye vumbi, akakataa kuinuliwa na yeyote mpaka afurahi vya kutosha.

Ukabaki mtihani wa kuandika. Matokeo yalipotoka alipata sabini na nne, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Wascar na karatasi mkononi.

"Swali la tisa. Umeandika kwamba mtoto apashe misuli dakika tano kabla ya mbio. Watoto wa darasa la kwanza, saa mbili asubuhi, na baridi ya milima yetu hii? Dakika tano huwa bado wanatafuta soksi. Nimeandika kumi, umenipa sifuri."

"Kitabu kinasema tano."

"Kitabu kimeandikwa na mtu wa pwani."

Walibishana nusu saa. Katibu wa ofisi ya jirani aligonga ukuta mara mbili. Mwishowe Wascar alirusha kalamu mezani, akaifuta sifuri, na kwa kuwa ilikuwa haki akawarudishia alama wote waliojibu kumi. Walikuwa saba, na kati yao alikuwamo Yokasta, ambaye kwa alama ile alivuka kutoka kufeli hadi kufaulu. Wale saba walimnunulia Eduvigis soda ya kimea na chapati za kukaanga pale langoni. Alikula akiwa amesimama, akiwafundisha kwa mkono ulio huru jinsi ya kupuliza filimbi bila kuwatisha watoto wadogo.