Niliyomwambia Mgeni wa Siku Mbili

Bi Argia wa ghorofa ya chini anasema shemeji yangu Duilio alikuja chini ya dirisha letu mchana wa tarehe mosi Julai, jua likiwa la utosi, akaita mara tatu, na dada yangu Ilva akavuta dirisha akafunga. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, skafu ya mtaa wao kaificha mfukoni, mkono kaubana ubavuni.

"Mke alisikia," husema, "ila kiburi cha mtaa kilimziba masikio."

Amelisema dukani kwa mwoka mkate, amelisema kwenye ngazi za kanisa, na sasa nusu ya mji wetu wa Siena wanalijua.

Mchana huo mimi nilikuwa mlangoni naambua maharage. Hakuja mtu. Bi Argia mwenyewe alikuwa amelala, anakoroma mpaka ngazini panasikika.

Siku nne za mbio za farasi, ambapo kila mtaa hushindana na farasi wake, mwanamke wa kwetu aliyeolewa mtaa wa mahasimu hurudi kwa baba yake, na mume hubaki kwao. Hakuna anayeona ajabu. Ilva na Duilio walikuwa wakitengana hivyo miaka sita, kila Julai na kila Agosti, na kila mara waliagana penye kona kwa mizaha.

"Farasi wenu alale njiani, kipenzi," Duilio humwambia.

"Na wenu akimbie kinyumenyume, roho yangu."

Mwaka huu, wa hamsini na saba, mzaha ulikuwa mfupi. Duilio alikuwa amepewa kazi aliyoingoja miaka kumi na mmoja, kumlinda farasi wa mtaa wao. Mlinzi hula na kulala bandani na farasi wake, hamwachi, mtu asije akamlisha kitu. Lakini Aprili Duilio alikuwa ameumwa tumbo hadi akajikunja sakafuni, na daktari akasema ni kidole tumbo, tumbo likirudi kuuma aende hospitali siku hiyo hiyo. Aliyejua ni Ilva, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimewatembelea. Duilio alituapisha tusiseme, maana mgonjwa hapewi farasi.

"Likirudi uniite," Ilva alimwambia pale konani. "Usijifanye dume."

"Nikuite bandani, wewe mtu wa kule? Watanitafuna mbichi."

"Wakutafune. Uniite tu."

"Haya, bibie. Nitakuita."

Siku iliyofuata tukapata mgeni wa chumba cha mbele tunachopangisha, Mwalimu Giraudo, mstaafu kutoka Cuneo, mwenye daftari dogo na kofia ya majani. Alitaka kuona farasi wakijaribiwa, kisha aondoke kabla ya siku ya mbio, kwa kuogopa msongamano.

"Nipe mashauri, binti. Nina siku mbili tu, na jua lenu linaua."

Nikampa. Mnara wa mji aupande asubuhi, kabla mawe hayajawaka moto. Mchana alale kama sisi. Uwanjani asimame katikati, ila akiingia ameingia, hawamfungulii mpaka farasi wamalize.

"Kwa hiyo kojoa kwanza, Mwalimu."

"Hilo nalo niandike?"

"Hilo ndilo uandike. Na wakikuuliza unashangilia mtaa gani, sema umefuata makanisa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nami kwa kuona mtu mzima, tena mwalimu, anaandika maneno yangu, nikaongeza moja nililofundishwa na Baba.

"Usibebe neno wala karatasi kutoka mtaa hadi mtaa. Wanapenda kumtuma mgeni kwa sababu hakuna amjuaye, na siku hizi ndizo za kupangiana hila. Mtu wa kule akikupa kitu ulete huku, hata akisema ni salamu, kataa."

Hilo alilipigia mstari mara mbili.

Aliondoka kwa basi jioni ya tarehe mosi, akiwa mwekundu kama nyanya, akinishukuru. Asubuhi ya pili yake Duilio alianguka bandani, kamba ya farasi mkononi. Kasisi wa mtaa wao alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwetu, na vijana wetu hawakumpigia hata mluzi. Ilva alikimbia akakatiza mitaa yao na skafu yetu shingoni, nao wakampisha. Hospitali wakasema kidole tumbo kimepasuka tangu jana yake. Duilio alikufa tarehe nne, hakuwa amemtambua Ilva.

Homa ilipoanza kumvuruga akili alikuwa amemwambia mama yake, "Nimeshamwita Ilva. Yuko njiani." Hapo ndipo hadithi ya Bi Argia ilipopata miguu. Aliita, wanasema, na mke hakwenda. Mazikoni mama mkwe hakumpa Ilva mkono. Sanduku lake la nguo lilirudishwa kwa mkokoteni, na akaambiwa kwenye misa ya siku ya arobaini asikae benchi la familia.

"Alimtuma nani?" Ilva aliniuliza wiki zote hizo, akifua, akipiga pasi. "Duilio hasemi uongo. Alimtuma nani, Derna?"

Nami nilikuwa sijui. Haki ya Mungu, sikujua.

Agosti ikaja kadi kutoka Cuneo, kwa jina langu. Niliishia darasa la tano, nasoma polepole. Mwalimu alishukuru kwa mashauri yote, hata lile la kukojoa. Akaandika: "Na lile la mwisho liliniokoa. Penye bomba la maji, karibu na banda la farasi, bwana mmoja aliyejishika ubavu, aliposikia nimefikia kwenu, alinisihi nimletee dada yako kikaratasi. Alisihi sana, nikakataa, kama ulivyonifunza. Nilijiona mwenyeji kabisa."

Kadi niliiweka chini ya godoro. Nikailalia siku tatu.

Leo asubuhi Ilva ametoka chumbani amevaa gauni jeusi, nywele amezibana, uso ameuosha. Kesho ndiyo misa.

"Mama yake Duilio anakuamini wewe," ameniambia. "Daima alisema wewe ndiye mwenye macho katika nyumba hii. Twende sasa hivi, kabla sijaghairi. Umwambie ulikuwa mlangoni mchana kutwa. Umwambie hakuja mtu, wala hakutumwa mtu. Basi, hayo tu."

Nimesimama na taulo mkononi.

"Derna. Utamwambia, mdogo wangu?"