Maganda ya Maharagwe

Lois alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akamvuta mdogo wake kope ya chini kwa kidole. Tone moja kila saa, ndivyo walivyoagizwa. Lakini safari hii Wakio aliushika mkono wake kabla dawa haijadondoka.

"Ngoja kwanza. Hilo doa limekuwa kubwa, sivyo?"

Lois akatazama. Kwenye kioo cha jicho, palipokuwa na alama ndogo kama chembe ya chumvi, palikuwa na weupe mpana wenye kingo za nyuzinyuzi.

"Dada, sema tu."

"Limekuwa."

Waliacha chai mezani wakatoka mtaani Kaloleni, walikofikia kwa ajili ya matibabu, wakaenda moja kwa moja kliniki ya macho.

Wakio alikuwa amefanyiwa upasuaji wa leza Nairobi, aachane na miwani mizito ambayo wote wawili walivaa tangu shule ya msingi. Alionywa asisugue macho wala asikae penye vumbi. Alipokwenda nyumbani Njukini kupumzika, akakuta ni siku ya kupiga maharagwe. Akaketi barazani.

"Malkia wa Nairobi!" Lois alimwita mbele ya majirani wote. "Kwani hayo macho mapya hayajui kazi?"

Watu walicheka. Wakio alicheka pia, kidogo, kisha akachukua fimbo akasimama upande upepo ulikopeleka maganda. Kitu kilipomwingia jichoni, Lois ndiye aliyemfuta, kwa pindo la leso.

Sasa Daktari Mulinge alizima taa ya mashine yake.

"Dawa hii ingekuwa imeshaanza kusaidia. Nilikuuliza siku ile, nakuuliza tena. Ulikuwa shambani?"

"Hapana, daktari. Ni vumbi la barabarani tu." Chini ya meza, Wakio aliufinya mkono wa dada yake. Nyamaza.

"Nauliza kwa sababu vitu vya mimea huleta kuvu, na kuvu ina dawa yake. Tukiendelea kukisia, jicho linaweza kupotea."

Lois alitazama ule mkono uliokuwa ukimkinga asilaumiwe. Ulikuwa na joto la homa.

"Alikuwa anapiga maharagwe," alisema.

"Samahani, sijasikia."

"Maharagwe! Kwetu Njukini. Ganda lilimwingia, nikamfuta kwa leso. Mimi ndiye niliyemwita kazini."

Daktari hakumlaumu. Alivaa glavu, akasema atalikwangua jicho kidogo apate sampuli, na dawa ibadilishwe leo hii. Akaenda kuita muuguzi.

"Usijisumbue, dada," Wakio alinong'ona. "Kazi ilikuwa nyingi. Ulitaka nikusaidie."

"Tulikuwa watu tele pale." Lois alivua miwani yake, akajifuta machozi kwa kiganja. "Ulishuka garini bila miwani, kila mtu akawa anasema umependeza. Mimi nikaumia. Sikutaka unisaidie, Wakio. Nilitaka wakucheke."